Pijo 504 ya Babu: Dalili, Chanzo na Mkono Uliopita

Gari ninalolizungumzia ni Peugeot 504 ya familia, ile ndefu ya safu tatu za viti ambayo wengi wetu tunaiita Pijo tu. Saluni yake (ile fupi ya kawaida yenye buti nyuma) ilitoka Ufaransa mwaka 1968 na mwaka uliofuata ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya. Kenya tuliendelea kuiunganisha hadi 2004, wakati Wafaransa wenyewe walishaacha kutengeneza saluni tangu 1983. Ndiyo maana huku pwani bado utaikuta nyuma ya nyumba, matairi yameishiwa upepo, na mjukuu mmoja ameapa kuirudisha barabarani.

Nimesaidia kufufua kadhaa, ikiwemo ya babu yangu mwenyewe, na malalamiko ni yaleyale. Nilichojifunza ni kwamba ubovu wa gari la familia una mwenyewe. Nyingi ya Pijo hizi zimepita mikono mitatu. Kwanza ni mkono wa mzee aliyenunua, aliyebadilisha oili kwa tarehe na kuweka risiti kwenye bahasha. Kisha gari likaingizwa kwenye biashara ya abiria, ikawa kazi ni kulifanya litembee leo, kesho itajijua. Mwisho ni mkono wa mti: miaka kumi chini ya mwembe, na panya ndani. Kila dalili hapa chini utaielewa haraka zaidi ukijiuliza ni mkono gani uliiacha.

Basi kabla hujashika spana, kaa na wazee. Uliza injini ilifunguliwa lini, nani aliifungua, na gari liliegeshwa kwa sababu gani. "Lilikuwa linatembea vizuri tu" si jibu. Hakuna anayeegesha gari linalotembea vizuri kwa miaka kumi.

Limelala miaka mingi na halijawashwa

Usipige stata. Najua hamu uliyonayo, lakini pistoni zimekaa mahali pamoja ndani ya slivu (mirija ambamo hupanda na kushuka) zenye kutu, na kupiga stata kwa nguvu kunaweza kuvunja ringi (pete za pistoni) ambazo zingepona kwa subira ya siku tatu. Toa plagi zote nne, tia oili kijiko kimoja katika kila tundu, ulale. Kesho yake tia gia ya nne ulisukume mbele na nyuma kidogo kidogo kwa mkono. Likizunguka, rudisha gia huru, piga stata plagi zikiwa bado nje mpaka taa ya oili izime. Hapo oili imeshapanda juu.

Lisipozunguka, rudia oili siku kadhaa. Likikataa wiki nzima, acha. Kulivuta kwa gari jingine likiwa ndani ya gia ni kutafuta hasara kubwa zaidi. Hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda) lazima ifunguliwe, na habari za hedi ya Pijo nitazifikia.

Injini inazunguka lakini haishiki? Anza na moto wa plagi. Sababu ya kwanza karibu kila mara ni pointi (viguso vya umeme) zilizoota ukungu ndani ya distribyuta (kigawa moto wa plagi). Zipitishe msasa laini, zifute, rekebisha nafasi iwe 0.4 mm. Plagi ziwe 0.6 mm. Moto ukiwepo, nenda kwenye petroli: inuse. Ya zamani inanuka kama vanishi, na hiyo usijaribu kuichanganya na mpya, imwage yote. Sababu ya tatu ni mpira wa ndani wa pampu ya petroli uliokauka ukapasuka. Ya nne ni sindano ya boya iliyoganda ndani ya kabureta (inayochanganya petroli na hewa).

Ipo na moja inayowazubaisha mafundi waliozoea Toyota. Kwenye Pijo silinda namba moja haihesabiwi kutoka mbele kwenye rediata, inahesabiwa kutoka nyuma, upande wa flaiwili (gurudumu zito kati ya injini na giaboksi). Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Fundi mmoja akipanga nyaya kwa kuhesabu kutoka nyuma, na wa pili akaja kurekebisha kwa kuhesabu kutoka mbele, gari litapiga mizinga (milipuko ya petroli) kupitia kabureta na hakuna atakayejua kwa nini. Ukisikia mizinga hiyo baada ya gari kupita kwa mafundi wawili, hesabu nyaya kwanza.

Tahadhari: usimimine petroli ya chupa ndani ya kabureta huku mwenzako anapiga stata. Mzinga mmoja tu na chupa iko mkononi mwako.

Linazima likipata moto, likipoa linawaka

Hii ndiyo kesi niliyoibiwa nayo muda mrefu kuliko zote. Pijo ya babu ilikuwa inatembea Mombasa mjini bila neno, lakini tukianza kupanda kuelekea Mazeras inakohoa na kuzima. Fundi wa kwanza alibadilisha kondensa ya distribyuta. Wa pili akabadilisha koili, ile inayokuza umeme wa plagi. Mimi nikabadilisha kondensa tena, kwa kuwa ile ya fundi niliishuku.

Ilivyopaswa kufanywa ni hivi. Gari likizima, lisiachwe lipoe. Shuka papo hapo uangalie moto wa plagi. Moto ukiwa dhaifu na wa manjano, ni kondensa au koili, na hizo ndizo za kawaida zaidi. Moto ukiwa wa buluu na wenye mlio, umeme hauna hatia, rudi kwenye mafuta. Fungua kifuniko cha tangi: ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu, tundu la kupumulia la tangi limeziba. Isipovuta, fikiria mkono wa mti. Tangi lililokaa tupu miaka linaota kutu ndani, magamba yanavutwa hadi mdomo wa paipu na kuuziba. Ukisimama dakika kumi yanaanguka chini, gari linawaka kama halijawahi kuugua. Dawa ni kushusha tangi na kulisafisha. Kuongeza filta mbele ya pampu kunasaidia, ila magamba yataendelea kuja.

Yetu haikuwa hata moja ya hizo. Enzi za abiria mtu alikata paipu ya petroli iliyooza, akaiunga kwa mpira, na mpira akaupitisha karibu na ekzosi kwa sababu ndiyo njia fupi. Petroli ilikuwa inachemka ndani ya mpira kabla haijafika kwenye pampu. Kitambaa kibichi juu ya pampu kilitufikisha nyumbani mara nyingi, na hilo lenyewe lingetosha kutuambia ugonjwa uko wapi. Rudisha paipu kwenye njia yake ya kiwandani, uibane kwa vishikio. Mpira wowote ulio karibu na ekzosi uondoe siku hiyohiyo, kwa sababu kuzima njiani ndiyo dogo kati ya yanayoweza kutokea.

Linachemsha

Kuchemsha ndiko kulikoziua Pijo nyingi, nami naamini ndiko kulikozipeleka nyingi chini ya mti.

Anza na rahisi. Injini ikiwa baridi kabisa, angalia maji, hosi na mkanda. Hosi iliyovimba au inayobonyea kama ndizi mbivu ibadilishe bila mjadala. Kifuniko cha rediata chenye mpira uliokatika hakishiki presha, na maji yatachemka mapema. Na usikifungue injini ikiwa na moto, hata kwa kitambaa, hata kama fundi anakuambia yeye hufanya hivyo kila siku.

Kisha feni. Feni ya Pijo haizunguki na injini wakati wote. Inashikwa na sumaku ya umeme, na sumaku hupata umeme pale swichi ya joto inapoamua maji yamepata moto. Umeme wenyewe hupitia brashi ndogo ya kaboni ambayo huisha taratibu. Kipimo chake ni rahisi: injini izimwe, funguo iwe imewashwa, ipite ile swichi ya joto kwa kipande cha waya. Ukisikia "tak" pale kwenye feni, sumaku ni nzima na swichi ndiyo imekufa. Usiposikia kitu, angalia brashi, halafu waya. Ondoa mikono na ncha za shati karibu na feni kabla ya kuwasha injini tena.

Katika magari mengi yaliyobeba abiria utakuta feni imefungwa kwa bolti izunguke moja kwa moja. Silaumu sana. Dereva alikuwa na watu tisa ndani na safari ya Malindi mbele yake. Lakini ukiikuta hivyo, jua kwamba chanzo cha kuchemsha huenda hakikutafutwa kamwe, kilifunikwa tu. Vivyo hivyo themostati (valvu inayofungua njia ya maji yakipata moto) iliyochomolewa na kutupwa. Gari litatembea baridi kwenye barabara ndefu na kuchemsha kwenye foleni, na wewe utazunguka ukitafuta ugonjwa ambao mtu aliuondolea kipimajoto chake. Rudisha themostati kabla hujahukumu kitu kingine.

Sababu ya tatu ni rediata iliyoziba, na hapa pwani yetu ina sifa yake mbaya. Maji ya kisima yana chumvi. Bloku ya injini hii ni chuma, hedi ni alumini, na vyuma viwili visivyofanana vikikaa ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Rediata ya babu ilitoka matope ya rangi ya kahawa mara nne tulipoisukumia maji kwa chini. Tembeza kiganja juu ya rediata dakika chache baada ya kuzima injini: sehemu iliyobaki baridi ndiyo iliyoziba. Ukishaisafisha, tia dawa ya rediata iliyochanganywa na maji safi, na kisima kibaki cha kumwagilia mchicha.

Ikiwa yote hayo ni mazima na bado linachemsha, tazama ishara za kuungua kwa gasketi ya hedi (bamba linaloziba kati ya hedi na bloku): maji yanapungua na huoni yanapovujia, mapovu yanapanda kwenye rediata injini ikinguruma, moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, au oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ishara ya oili ikionekana, simama hapohapo. Usiendeshe hata hadi gereji, vuta.

Na hapa nakusihi usiifungue hedi mwenyewe kwa sababu tu una spana za kutosha. Slivu za injini hii hukaa ndani ya maji, zinakalia tu sili zilizo chini yake, na hedi ndiyo inayozikandamiza. Ukiitoa hedi halafu mtu akageuza injini bila kuzibana slivu kwanza, zinanyanyuka, sili za chini zinaachia, na maji yanaingia kwenye oili. Utakuwa umetoka kazi ya gasketi ukaingia kazi ya kushusha injini nzima. Tena slivu zinatakiwa zichomoze juu ya bloku kwa kipimo kidogo mno, cha sehemu chache za mia za milimita, na jicho halioni hilo. Tafuta fundi mwenye geji ya kupimia, aliyewahi kufungua Pijo. Muulize swali moja: "Hedi ikitoka, slivu unazibana na nini?" Akikutazama bila jibu, mshukuru, uondoke.

Muulize pia mwenye gari wa zamani hedi imesagwa mara ngapi. Iliyosagwa mara tatu inakuwa nyembamba, na kuisaga ya nne ni pesa inayotupwa baharini.

Moshi

Mweusi ni petroli nyingi: choki iliyoganda, filta ya hewa iliyojaa vumbi, au boya la kabureta. Wa buluu asubuhi tu, kisha unaisha, ni sili za valvu, unaweza kuishi nao. Wa buluu kila unapokanyaga mafuta ni ringi, na hapo oili utainunua kuliko petroli. Mweupe nimeshausema.

Pedali ya breki inazama, au gari linavuta upande mmoja

Kwa breki sina mzaha. Gari lililolala zaidi ya mwaka lisiende hata dukani kabla breki hazijafunguliwa zote.

Pedali laini inayopanda ukiipampu ni hewa, au nyuma zinahitaji kurekebishwa. Ya familia ina madiski mbele na madramu nyuma. Pedali inayoshuka polepole ukiikanyaga na kuishikilia, huku hakuna tone chini, ni mipira ya ndani ya masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali). Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na hewa ya pwani ina unyevu wa kutosha, kwa hiyo masta silinda hushika kutu kutoka ndani. Usiisafishe kwa msasa na kuirudisha. Kwenye kuta za silinda iliyochimbika, mpira mpya utakatika wiki ya pili.

Gari likivuta upande, shuku kwanza pistoni iliyoganda ya kalipa (inayobana diski), kisha hosi ya breki. Hosi ya zamani huvimba kwa ndani. Kutoka nje inaonekana nzima, lakini mafuta yanaingia na hayarudi, gurudumu linabaki limeshikwa na rimu inapata moto. Badilisha hosi zote kwa pamoja, hazina bei kubwa.

Simama na uite fundi wa breki endapo pedali imegusa sakafu hata mara moja, mabomba ya chuma yana kutu inayobanduka kwa ukucha, au umebadilisha mpira na bado pedali inazama.

Nyuma imekaa chini

Mzigo wa abiria na magunia. Ya familia ina springi mbili za mzunguko kila upande kwenye ekseli nzima ya nyuma. Wengine walichomeka vipande vya tairi kati ya mizunguko. Vitoe, nunua springi, badilisha na shoksi. Usilegeze springi bila kifaa cha kuzibana, zinaruka.

Rangi imevimba, sakafu inapumua

Kutu ndiyo itakayoamua kama gari linafaa kufufuliwa, kwa hiyo ichunguze kabla hujanunua hata plagi. Chukua bisibisi na sumaku ndogo. Sumaku isiponasa, chini yake kuna pati (dawa ya kujazia matundu) badala ya bati. Anza kwenye vizingiti vya milango, kisha chini ya mazulia, ncha za chini za milango, na ukingo wa kioo cha mbele ambako maji hutuama chini ya mpira. Mwisho fungua boneti utazame sehemu zinazoshikilia vichwa vya shoksi za mbele.

Uvimbe mdogo juu ya mlango ni kazi ya fundi bodi wa kawaida: kata, choma bati jipya, praima, rangi. Ukipiga pati juu ya kutu, umempa mwanao kazi. Tundu kwenye sakafu nalo linatibika. Lakini jeki ikizama kwenye kizingiti, mlango ukikataa kufunga ukilinyanyua gari, au bati kuzunguka vichwa vya shoksi likiwa na ufa, simama. Bodi ya gari hili haina chesisi tofauti chini yake, bodi yenyewe ndiyo mifupa. Apate kuitazama mtu anayechoma na kunyoosha kwa kufuata vipimo, na usikubali vizingiti vyote viwili vikatwe siku moja bila gari kuegemezwa sawasawa, litajipinda. Tangi la petroli lishushwe kabla ya moto wowote wa kuchomea kwa nyuma. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, mvuke ndio unaolipuka.

Ukiwa unakwangua, kwangua polepole sehemu moja uone tabaka za rangi. Yetu ilikuwa na nyeupe ya biashara juu, kijani ya ami yangu katikati, na chini kabisa samawati ambayo bibi alikuwa akiitaja kila siku na sisi tukimwambia anachanganya na gari jingine.

Karatasi hazilingani na gari

Huu nao ni ubovu, na unalala muda mrefu kuliko wote. Kawaida kabisa ni logibuku (Tanzania ni kadi ya gari) kubaki kwa jina la marehemu. Hakuna wa kusaini uhamisho. Kenya gari la marehemu ni sehemu ya mirathi: familia ichukue hati ya usimamizi mahakamani, au kwa Waislamu wanaokubaliana, Mahakama ya Kadhi, ndipo NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) ibadilishe jina. Usitumie hela ya maana kwenye bodi kabla ya ndugu wote kukubaliana gari ni la nani. Nimeona Pijo iliyong'aa ikirudi chini ya mti kwa sababu shangazi alitokea na haki yake, na alikuwa nayo kweli.

Inayofuata ni namba ya injini kutofautiana na logibuku, kwa kuwa enzi za abiria injini zilihamishwa gari hadi gari kama sufuria za jirani. Tafuta risiti ya injini hiyo kwenye bahasha ya mzee, na mabadiliko yaandikishwe. Logibuku iliyopotea itahitaji abstrakti ya polisi (hati ya kuripoti upotevu).

Namba ya chesisi ikiwa haisomeki, imegongwa upya, au haifanani na iliyoandikwa, acha kazi yote, wala usimruhusu mtu "airekebishe". Nenda kwa wakili kwanza. Na kama namba ni nzima, ipige picha leo, ipake grisi na uifunike kwa tepu nene kabla fundi bodi hajawasha mashine ya kusaga. Kijana anayesaga kutu hatofautishi kutu na tarakimu.